Historia ya Dada Yetu Chaki, Aliyetuwekea Maji Mlangoni

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, shemeji yangu uliyekaa hapo mbele na wanao, majirani na nyote mliofika kumsindikiza, mimi ni mdogo wake marehemu, kitindamimba wa nyumbani kwetu, kazi yangu ni kufundisha udereva, na familia imenichagua niwasomee maisha ya dada yetu kwa sababu, wanasema, sauti yangu imezoea kusikika hata injini ikiwa inawaka. Mnivumilie kidogo, maana maisha yake hayasimuliki bila kulisimulia jengo hili mlimokaa, ambalo yeye ndiye aliyelichora tangu msingi hadi vitasa vya milango, na ndani ya jengo hili kuna jambo moja alilolipigania kwa miaka kumi na mitano, nalo ni kwamba wafu wetu waingie kanisani kwa mlango mkuu, mlango uleule walioingilia wakiwa hai.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu iliyopo karibu na stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba yetu, seremala wa mabehewa, na mama yetu, mshonaji wa nguo, na alibatizwa mwezi Desemba mwaka huohuo katika kanisa letu la zamani la mabati, ambalo wenye umri wangu mnalikumbuka kwa joto lake, maana mahubiri yakirefuka tulikuwa tunatoka tumeiva. Jina la Chaki alipewa kabla hajajua kuandika, kwani alikuwa anachukua chaki za mama za kuwekea alama kwenye vitambaa, anachora nyumba nzima kwenye sakafu ya sebule, vyumba, milango na madirisha, halafu anaamuru kila mtu apite mlangoni, na aliyekanyaga ukuta alirudishwa nje aingie upya, awe mtoto, awe mgeni, awe baba mwenyewe. Mimi wakati huo sikuwepo, lakini nilipozaliwa niliikuta sheria hiyo inatumika, na nimeitii hadi wiki iliyopita.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1972 hadi 1975, akapata kipaimara Jumapili ya tarehe 3 Juni 1973, kisha mwaka 1976 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa ramani za majengo, ambako alikuwa msichana peke yake darasani, na mkuu wa karakana, kwa nia njema kabisa, alimshauri ahamie upande wa ushonaji, naye akamjibu kwa heshima zote kwamba ushonaji anaujua tayari, mama yake ameshamfundisha, hapa amekuja kujifunza asichokijua. Alihitimu mwaka 1978, na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimpongeza kwa kumtengenezea meza ya kuchorea kwa mbao za behewa lililotupwa, meza ambayo ipo hadi leo nyumbani kwa shemeji na haina mguu unaocheza.

Mwezi Machi 1979 aliajiriwa na ofisi ya ujenzi ya manispaa, kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye makabati mapana ya kutunzia ramani na dirisha lisilofunguka, manispaa ikamruhusu kwenda chuo kikuu kusomea usanifu majengo kuanzia 1980 hadi 1985, akarudi, akachora mabanda ya soko, vyoo vya shule, wodi ya wazazi na kituo cha mabasi, na mwaka 1996 akafungua ofisi yake mwenyewe juu ya duka la rangi, ambako mteja alipanda ngazi akiwa na uhakika wa anachokitaka na kushuka akiwa na kizunguzungu, nusu kwa harufu ya rangi, nusu kwa maswali ya dada. Kazi yake aliifanya kwa namna ambayo wenzake waliicheka kwanza na kuiiga baadaye, hakuuamini mchoro wa karatasi hata siku moja, alikwenda kwenye kiwanja kitupu, akalichora jengo lote chini kwa chokaa, kwa ukubwa wake kamili, halafu akawaita watakaolitumia walitembee, wajawazito wakaitembea wodi kabla haijawekewa tofali, wauza mboga wakakaa kwenye vizimba vya chokaa na matenga yao, na palipobana pakafutwa palepale. Alikuwa akisema karatasi haijawahi kubeba ndoo.

Kwa chaki hiyohiyo alimpata mume. Mwaka 1986 shemeji, ambaye ni fundi wa pampu za maji, aliitwa kufunga pampu kwenye kiwanja cha zahanati, na akiwa na begi lake la spana akakatiza katikati ya chumba ambacho dada alikuwa amemaliza kukichora, dada akamwambia, "Kaka, umepita ukutani, rudi uingie mlangoni," naye, badala ya kumwona mwehu kama walivyomwona wengine, akarudi, akasimama pale palipochorwa mlango, akabisha hodi hewani, akakaribishwa. Shemeji anasema tangu siku hiyo hajatoka. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987, katika kanisa la mabati, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 21 Mei 1989, ambaye ni mfamasia, na kijana aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1993, ambaye ni fundi umeme wa magari, pamoja na wajukuu watatu, ambao wote wamebatizwa humu ndani.

Mwaka 2005, kanisa la mabati likiwa limechoka na sisi tumeongezeka, usharika ulimkabidhi dada kazi ya kuchora kanisa jipya, na sasa naomba mwinue macho mwangalie alichokifanya, kwa sababu tumekaa humu miaka mingi tukiangalia saa. Kuta ni nane badala ya nne, kwa sababu juma lina siku saba, na Bwana alifufuka siku iliyofuata Sabato, ambayo Wakristo wa kale waliiita siku ya nane, siku ya kuanza upya, kwa hiyo kila anayekaa humu amekaa ndani ya Pasaka, hata kama amekuja Jumatano kupiga deki. Paa limeshuka kama hema ili tukumbuke kwamba hapa duniani tumepiga kambi tu. Viti vimeizunguka madhabahu pande tatu ili tuonane nyuso kama familia iliyokaa mezani, jambo lililowaudhi sana waliozoea kusinzia nyuma. Madhabahu yenyewe ni jiwe moja lisilounganishwa, limechongwa misalaba midogo mitano, minne kwenye pembe na mmoja katikati, kwa majeraha matano ya Bwana, na msalaba mkubwa unaoning'inia juu yake ni boriti mbili za paa la lile kanisa la mabati, ambazo seremala alitaka kuziba matundu yake ya misumari, dada akamwuliza, "Msalaba usio na matundu ya misumari umeuona wapi?"

Nguzo ni kumi na mbili, kwa mitume, na kama mtaangalia ile iliyo karibu na kwaya mtaona mbao yake ni nyeusi kuliko za wenzake, kwa sababu ile ya awali ilipasuka siku ya kusimamishwa, seremala akaja ofisini ameshika kichwa, mbao ya rangi ile imekwisha, na dada akamwambia aweke yoyote iliyo imara, hata kati ya mitume mmoja aliharibika na nafasi yake akapewa Mathiya. Mimi nilimwambia hiyo ni hila ya wasanifu ya kufunika hasara, akacheka mpaka akafuta machozi, hakukana, lakini tangu hapo nguzo ile inaitwa Mathiya, na ndiyo inayoegemewa na watu wengi kuliko zote. Vitasa vya mlango mkuu vimefuliwa kwa umbo la herufi mbili, Alfa kushoto na Omega kulia, ili mtu akishika mlango awe ameshika mwanzo na mwisho, ingawa vijana wetu wamekata shauri kwamba ile Omega ni kifaa cha masikioni cha kusikilizia muziki.

Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote ni kisima cha ubatizo, ambacho hakukiweka mbele pembeni kama tulivyozoea, alikiweka mlangoni, katikati ya njia, kwenye mstari mmoja na madhabahu, chenye pande nane na ngazi tatu za kushukia, kwa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na maji yanayotembea muda wote kwa pampu ya shemeji, pampu ambayo miezi ya mwanzo ilivuma kama mbu wakati wa sala ya kimya mpaka shemeji akaitia adabu. Sababu yake ilikuwa kwamba mtu anaingia katika nyumba ya Mungu kwa kupita kwenye maji, na zaidi ya hapo, Maandiko yanasema tulizikwa pamoja na Kristo kwa njia ya ubatizo, kwa hiyo kwa dada kisima kile kilikuwa ndilo kaburi la kwanza la kila mmoja wetu, na alitaka siku tunapopelekwa kwenye la pili tupite kwanza pale tulipoanzia.

Kwa nia hiyo aliufanya upande wa kushoto wa kisima kuwa mpana kuliko wa kulia, upana wa wabebaji wawili na jeneza katikati yao, na mwaka 2006 alikuja kunitafuta kwenye uwanja wangu wa mafunzo, kati ya koni na matairi, akaniuliza basi refu linakataje kona, nikamweleza kwamba basi refu huanza kona kabla ya kona, dereva akisubiri afike ameshachelewa, akachora chini pale pale, akanishukuru, akaondoka. Nilidhani anachora stendi nyingine. Kumbe alikuwa anapima kizingiti cha mlango ule, ndiyo maana ni kipana vile, ili wabebaji waanze kuelekea kushoto wakiwa bado mlangoni.

Hapa ndipo dada yetu alipokosea, na mwenyewe alikiri mbele ya wengi wenu. Kanisa lilifunguliwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 30 Novemba 2008, naye akapewa nafasi ya kulieleza, akaeleza kuta, nguzo, madhabahu na maji, alipofika kwenye ule upande mpana wa kushoto akatazama mbele yake, akaona watoto wamevaa nguo mpya, mabibi harusi watarajiwa, mama yetu amejifunga kitambaa kichwani na anang'aa, akaona siku ile si ya kuwaambia watu kwamba hapa ndipo yatakapopita majeneza yenu, angeambiwa anatuchuria, akaruka sentensi hiyo, akaenda kwenye taa. Matokeo yake, hakuna aliyejua nafasi ile ni ya nini, na sisi tukiona nafasi haina mwenyewe mnatujua, kabla ya Krismasi ilikuwa imewekwa meza ya vitabu vya nyimbo, kisha ubao wa matangazo, kisha kiti cha mzee wa zamu.

Msiba wa kwanza katika kanisa jipya ulikuwa Februari 2009, wabebaji wakaingia moja kwa moja na jeneza, wakakuta kushoto kuna meza, wakaenda kulia palipobana, kona ya jeneza ikagonga ukingo wa kisima, pale mnapoona pamemeguka hadi leo, na mbebaji mmoja akatumbukia majini hadi magotini, mjane akapiga ukunga ambao sijausahau. Siku ile kila mtu alikilaumu kisima, na meza haikulaumiwa na mtu. Wazee wakataka kisima kihamishiwe pembeni, wa kwanza akiwa mwenyekiti wao, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye sote tunamwita Mzee Kengele kwa sababu hajawahi kuchelewa popote, na dada akawaomba jambo moja tu, wampe Jumamosi moja.

Jumamosi hiyo ilikuwa tarehe 18 Aprili 2009, wiki ya Pasaka, dada akaondoa meza, akaazima jeneza kwa fundi jirani na hospitali, akawapanga wazee sita, Mzee Kengele mbele, na mimi nikapewa kazi ya kutembea kinyumenyume mbele yao nikionyesha kwa mikono, kama ninavyofanya na wanafunzi wangu. Jeneza likapita. Mzee mmoja akasema ni jepesi, halina mtu, lenye mtu lingeyumba, na dada akavua viatu, akaomba liwekwe chini, akaingia, akalala. Mama yetu alikuwa ndiyo anaingia na chupa ya chai ya wazee, akapaza sauti, "Toka humo! Unamchuria nani wewe?" na kutoka ndani ya jeneza sauti ikajibu, "Mama, dakika moja tu," kisha ikaanza kutoa maelekezo, "Kushoto kwanza! Mzee, kushoto kwanza, mlango haujaisha!" Likapita tena, na yeye akiwa ndani, bila kugusa maji wala ukingo, na nawaambieni kama mtu anayetahini watu kwa riziki yake, kona ile ilikatwa vizuri.

Jeneza lilipita lakini hoja ilianguka, kwa sababu hadi Jumapili asubuhi usharika mzima ulikuwa umesikia kwamba mama mzima, mwenye mume na watoto, amebebwa kwenye jeneza kanisani akiwa hai na akiongea, wengine wakasema ni kufuru, wengine wakasema hamalizi mwaka, kikundi cha maombi kikafunga kwa ajili yake, na mama alimnunia hadi mwezi wa sita. Wazee, ili watu watulie, wakaamua kisima kibaki lakini majeneza yaingie kwa mlango wa pembeni, ule wa kuingizia viti na spika, na meza ya vitabu ikarudi mahali pake.

Mama yetu alifariki tarehe 6 Juni 2014, na yeye pia aliingizwa kwa mlango wa pembeni, kati ya viti vya plastiki vilivyopangwa hadi darini na mifagio, dada akatembea nyuma ya jeneza. Tulipotoka makaburini aliniomba nimrudishe kanisani, akakaa kwenye ngazi ya kisima, akasema, "Nimechora kanisa zima, halafu mama yangu nimempitisha stoo," akalia kama sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika baba hakulia vile, na mimi nilikaa pembeni yake nikalia pia. Kuanzia hapo kila mwaka alilipeleka suala la mlango kwenye kikao cha wazee, na kila mwaka likawekwa kiporo. Mwaka 2017 alistaafu kazi, akafunga ofisi ya juu ya duka la rangi, ila suala la mlango hakulistaafu.

Marehemu alianza kuugua mwishoni mwa mwaka 2021, miguu ikawa inavimba, akafanyiwa vipimo katika hospitali ya rufaa, ikaonekana figo zimeshindwa, na kuanzia Machi 2022 akawa anakwenda mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Hata huko hakuacha kuwa Chaki, alikuta viti vyote vya wagonjwa vimeelekezwa ukutani, akawauliza wauguzi kama mashine inajali inatazama wapi, wakaangaliana, wakasema haijali, akatoa chaki kwenye mkoba, na kufikia mwezi uliofuata wagonjwa wote walikuwa wanatazama dirisha na bustani ya nje. Mwezi Machi mwaka huu Mzee Kengele alikwenda kumwona, akamkuta kwenye mashine, dada akamwuliza habari za mlango, mzee akasema, "Wewe pona kwanza, mengine baadaye," dada akamwambia, "Mzee wangu, la kupona nimemwachia daktari, la mlango nimekuuliza wewe." Mzee hakuondoka, alikaa naye mpaka mashine ikazimwa, wakaongea habari za magoti ya mzee yanayomsumbua.

Alizidiwa Jumapili, tarehe 12 Mei, na akaiaga dunia Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, katika wodi ya wanawake, mume wake akiwa amemshika mkono na watoto wake wote wawili wakiwepo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Wosia wake kwetu haukuwa mrefu, alisema nguo zake zigawanywe wanavyotaka wanawe, meza ya baba isiuzwe, na yeye apite mlangoni.

Wazee walikaa juzi, wakaamua kwamba kwa leo peke yake jeneza liingie kwa mlango mkuu, meza isogezwe, na tuone, kama likigonga tena kisima kihamishwe na suala hili lifungwe moja kwa moja, kama likipita watakaa waamue. Kwa hiyo jana jioni, nilipokuwa naandika historia hii, nilipofika hapa niliandika mistari miwili, mmoja wa kusoma kama limepita na mwingine wa kusoma kama limegonga, na ule wa pili sikuweza kuumalizia.

Leo asubuhi nilikuwa nimejiandaa kutembea kinyumenyume mbele yao kama mwaka ule, lakini mchungaji aliniambia nikae na familia, na kweli mahali pangu palikuwa pale. Nikaona Mzee Kengele, na magoti yake, ameomba kushika mbele upande wa kushoto. Nikaona milango yote miwili imefunguliwa, Alfa huku na Omega kule. Safari hii hapakuwa na sauti ya kutoka ndani ya jeneza, na nakiri kwamba niliisubiri, nilikaa pale nikiisubiri kama mjinga, kisha nikamsikia Mzee Kengele pale kizingitini, taratibu, akiwaambia wenzake, "Kushoto kwanza." Wakageuka, wakayazunguka maji, na kilichosikika ilikuwa ni maji tu. Sasa nausoma ule mstari wa kwanza kama nilivyouandika: jeneza la dada yetu liliingia kwa mlango mkuu, likapita kwenye maji, halikugusa kitu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa, hasa wa chumba cha kusafishia damu, ambao wamekuja leo na sare zao na wanatakiwa kurudi zamu, tunawashukuru majirani waliopika, waliochota maji na waliotulazimisha kula, tunawashukuru wasanifu, mafundi na wafanyakazi wote wa manispaa aliofanya nao kazi na aliowarudisha nje waingie upya, tunawashukuru kwaya, mchungaji wetu, fundi wa jeneza, ambaye ni yuleyule wa mwaka 2009 na amesema lile la kuazima halihesabiki, na hatuwezi kumtaja kila mtu, tunaomba kila mmoja ajione ametajwa.

Wa mwisho kumshukuru ni Mzee Kengele. Kwaya ilipokuwa inaimba, kabla sijasimama hapa, alikuja akainama sikioni kwangu akasema, "Waambie watu ile meza ya vitabu hairudi pale." Nikamwuliza, hairudi leo au hairudi? Akasema, "Hairudi. Wazee wote tumeongea, wafu wetu watapita mlangoni." Nimemwangalia mara mbili nikadhani nimesikia vibaya, na ananiitikia kwa kichwa pale alipokaa, mnamwona, kwa hiyo nimetumwa na nimesema.

Dada, meza imeondoka. Mama tulimpitisha ukutani, na hilo hatuna namna ya kumrudisha nje aingie upya, lakini sisi wengine wote uliotuacha, siku yetu ikifika, tutapita mlangoni. Pumzika kwa amani, Chaki wetu.